Ng'ombe Kwenye Ghala la Wazi

Mzee Semboja aliingia ofisini Manundu, mjini Korogwe, saa mbili na robo asubuhi, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, kisha akamnyooshea Hamisa simu yake. Kwenye kioo cha simu alikuwapo ng'ombe.

"Ng'ombe mzuri huyu," alisema. "Au nasema uongo, mwanangu?"

Hamisa alikuwa hajamaliza hata kumwamkia. Shikamoo yake iliishia katikati. Alimwona yule ng'ombe, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, amesimama kando ya jiwe la mpaka, na ubavuni ana alama ya chuma cha moto: duara, na chini yake mistari miwili. Picha ile aliipiga mwenyewe huko Kang'ata wiki mbili nyuma, na hakuwa amempa mtu yeyote wala kuiweka kwenye tovuti.

"Marahaba," Semboja alijijibia, akacheka kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Mzee, picha hii umeipata wapi?"

"Kwenu. Hapahapa kwenu. Mimi mambo ya mtandao ni kipofu, ila nina mpwa wangu Dar es Salaam, ndiye macho yangu. Ameniambia mna ghala huko, liko wazi, anayetaka anaingia na kuchukua. Na kila kilichomo kimeandikwa nani kakiweka na saa ngapi. Hamisa, Hamisa, Hamisa, mpaka mpwa wangu akaniuliza, huyu Hamisa halali?"

Hamisa alimkazia macho.

"Nyinyi watoto wa siku hizi mna mambo," Semboja aliendelea, kwa upole kabisa. "Mnaficha jina la mtu, halafu mnaonyesha ng'ombe wake. Alama hii mimi naijua. Nimekulia Handeni, mwanangu. Siku ng'ombe wakiingia shambani kwa baba, tulikuwa hatuulizi ni wa nani, tunasoma ubavuni." Akasimama, akarudisha kofia kichwani. "Usinitazame hivyo. Mimi si mtu wa ugomvi. Nitakwenda kuongea naye tu, na kuongea si kosa."

Akatoka, akaufunga mlango polepole, bila kuubamiza. Hamisa angeona afadhali angeubamiza. Gari lake jeupe liliwaka nje, likakata kona na kushika barabara ya Handeni.

Tangu soko lilipoachwa huria, kila kitu wilayani kina dalali wake: mahindi, machungwa, mbuzi, hata mkaa. Semboja alianza na machungwa, akisimamisha mabasi pale njia panda ya Segera, na kufikia mwaka huu wa elfu mbili na kumi na nne alikuwa dalali wa ardhi. Akija mnunuzi kutoka mbali anayetaka ekari elfu moja, Semboja humtafutia. Zikipatikana mia saba tu, Semboja huzitafuta mia tatu zilizobaki, na namna anavyozipata hakuna anayependa kuieleza kwa sauti. Kuna mzee wa Mkata aliyewahi kuieleza kwa sauti. Ghala lake la mahindi liliungua juma lile lile, na hakuna aliyeona kitu.

Kijijini Kang'ata alikuwapo mmoja aliyeona. Naishorua, mjane mfugaji, alikuwa akipeleka punda wake kwenye lambo alfajiri moja alipowakuta vijana wanne wanang'oa mawe ya mpaka na kuyahamisha upande wa pili wa maji, na Semboja mwenyewe amesimama akiwamulikia kwa taa za gari. Naishorua alijibanza kwenye kichaka na punda wake, akatazama mpaka mwisho. Mawe yakishakuwa kule, lambo lote liko ndani ya shamba la mnunuzi, na bila lambo ng'ombe wa kitongoji kile hawamalizi kiangazi.

Alimsimulia Hamisa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya Hamisa. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la saruji na mabati, yenye wafanyakazi wawili, yeye na mkuu wake Lukasi, na kazi ni kuandika ushuhuda wa wakulima na wafugaji kuhusu mipaka na kuuweka kwenye tovuti, ili wakaguzi wa ardhi wausome kabla ya kufika kijijini. Kang'ata wangefika Jumatano ijayo. Naishorua alikubali kusema kwa sharti moja tu. "Jina langu lisitoke," alisema. "Nina wajukuu watatu na nyumba ya nyasi. Nyumba ya nyasi haihitaji kiberiti cha pili." Na Hamisa, mtoto wa mkulima wa Kizigua aliyefundishwa kwamba ahadi ni deni la roho, alimshika mkono, akamwita mama kwa Kimaasai: "Yeyo, halitatoka kwangu mpaka nakufa." Ushuhuda akauweka kwenye tovuti bila jina.

Sasa hakuwa amekufa, na lilikuwa limetoka.

Alijikaza, akafungua laptopu. Alijua kosa liko wapi hata kabla ya kuliona.

Mwaka uliopita mtu alikuwa ameingia kwenye tovuti yao kwa kuiba neno la siri, akabadili ushuhuda wa wazee watatu. Mita mia tatu zikawa mita thelathini. Wazee walipofika mbele ya wakaguzi wakaonekana waongo, na ofisi haikuwa na namna ya kuonyesha kilichoandikwa mwanzo. Hamisa alilia siku ile kwa hasira, kisha akaanza kujisomea. Alijifunza kwamba yapo maghala ya mtandaoni yanayotunza kila toleo la kila faili. Ukibadili nukta, ghala linaandika kwamba nukta imebadilishwa, na fulani, saa fulani. Ukifuta, linaandika kwamba umefuta, na ulichofuta linakiweka pembeni kikiwa kizima. Akaamua kuiunganisha tovuti na ghala la namna hiyo, ili asiwepo tena wa kugeuza maneno ya mtu kimyakimya, hata Lukasi, hata yeye.

Ilimchukua miezi miwili. Jumapili iliyopita ndipo viungo viwili vilishikana: kila anachohifadhi kwenye tovuti, baada ya dakika chache, kinajipeleka chenyewe ghalani. Alifurahi mpaka akacheza peke yake ofisini. Mtambo ulimuuliza upeleke folda zipi, naye, kwa kuogopa asije akapoteza kitu tena, akaweka alama ya vema kwenye zote. Ghala la kufungwa lilikuwa la kulipia, na la bure lilikuwa wazi kwa dunia nzima. Akaona hakuna neno, kwani kitakachokuwa ghalani si ndicho kilichopo kwenye tovuti?

Hakukumbuka folda ya rasimu. Humo ndimo alimoiweka picha ya ng'ombe, kwenye jalada la ushuhuda wa Kang'ata, baada ya kuitazama mara mbili na kuiona ile alama ubavuni. Alikuwa amejisifu siku ile kwa uangalifu wake. Mtu mwingine asiyejua alama angeitoa tu.

Akaifuta picha. Akasubiri dakika zile, akafungua ghala: folda tupu. Akashusha pumzi. Kisha akabonyeza orodha ya mabadiliko, akachagua ya jana, na ng'ombe akatokea, mwekundu, baka jeupe, duara na mistari miwili. Juu yake kulikuwa na mstari mpya: Hamisa amefuta picha hii, saa mbili na dakika arobaini. Alikuwa amewaonyesha kwa kidole kitu cha kutazama. Ghala lilikuwa linafanya kazi ile ile aliyolitafutia, na alilichukia.

Kwenye ukurasa wa mipangilio, chini kabisa, kulikuwa na kitufe chekundu cha kufuta ghala zima. Alikibonyeza. Ghala likamtaka aandike jina lake lote kwa mkono ili lijue hafanyi mzaha. Alipofika herufi ya mwisho macho yake yalipanda juu ya ukurasa, penye alama ndogo inayohesabu watu waliojinakilia ghala hilo kwao. Jana palikuwa na sifuri. Leo palikuwa na moja.

Akabonyeza ile moja. Akaunti isiyo na picha, jina la tarakimu na herufi, imefunguliwa juzi. Huyo ndiye mpwa, macho ya Semboja. Alikuwa na kila kitu kwake, na Hamisa akilifuta la kwake, la mpwa litabaki, tena litabaki peke yake. Akitaka kugeuza mita zikawa tena thelathini, atageuza, na hakutakuwa na pa kulinganisha.

Akafuta herufi alizoandika, moja moja, akafunga laptopu. Saa nzima ilikuwa imepita, na gari la Semboja lilikuwa barabarani muda wote huo.

Alimpigia Naishorua mara nne. Simu haikupatikana. Naishorua huchaji simu siku ya gulio, na gulio lilikuwa keshokutwa. Alimpigia Lukasi, lakini Lukasi alikuwa Tanga kwenye semina, na mkuu aliye kwenye semina hapokei simu mpaka chai ya saa nne. Hamisa akaweka laptopu na modemu kwenye mkoba, akajifunga mtandio vizuri, akaipiga teke pikipiki ya ofisi. Watu wa Manundu walishamzoea, mwanamke wa baibui na pikipiki, lakini siku ile hata mama ntilie wa pale kona, anayemtania kila asubuhi, alimwona uso akarudi kwenye sufuria zake.

Lami hadi Handeni mjini aliiona kama haina mwisho. Kila gari jeupe lililokuja mbele yake lilimkata maini. Akiliona linakwenda, aliogopa kwamba hajachelewa bado na atakutana nalo huko. Akiliona linarudi, aliogopa kwamba kazi imeshakwisha. Handeni alijaza mafuta bila kushuka, akaingia njia ya vumbi ya Kang'ata. Alivuta uradi, akapoteza hesabu, akaanza upya. Aliwaza nyumba ya nyasi na wajukuu watatu ambao mdogo wao alimvua kiatu siku ya ushuhuda akakimbia nacho. Aliwaza kitu kimoja kibaya, na nakisema kwa sababu alikiwaza kweli: kwamba akikuta moshi, atageuza pikipiki, hatafika.

Hapakuwa na moshi. Naishorua alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake anatengeneza mkufu wa shanga, miguu ameinyoosha, hana hili wala lile. Yule ng'ombe mwekundu alikuwa kwenye kivuli cha mgunga, anacheua.

"Takwenya," Naishorua alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko, yeyo." Hamisa alishuka, akakaa chini pale pale kwenye vumbi na kulia.

Naishorua alimwacha alie. Alimletea maji kwenye kikombe cha bati, akasubiri. Hamisa akaeleza yote: ghala, folda, picha, mpwa, na Semboja aliyesema anakwenda kuongea. Hakujitetea. Mwishoni akasema, "Nimekuua, yeyo. Pakia watoto, nitawabeba mmoja mmoja mpaka Handeni."

"Nionyeshe hiyo picha."

Hamisa akafungua laptopu. Naishorua aliinamia kioo kwa muda, midomo ikisogea. Kisha akanyanyuka ghafla, shanga zikamwagika mkekani.

"Alama hii siyo yangu," alisema.

"Si ng'ombe wako huyu? Huyu hapa, nyuma yako."

"Ng'ombe ni wangu. Alama ni ya Kaika."

Hamisa hakuelewa. Mkulima husoma alama za ng'ombe vizuri kuliko watu wengi, kwa kuwa mahindi yanayoliwa ni yake, lakini husoma mpaka ubavuni tu. Hajui kilichofuata baada ya chuma cha moto. Naishorua alimweleza wakiwa tayari wanatembea kuelekea kwenye pikipiki. Mwaka wa ukame mkubwa ng'ombe wake wote walikufa, akabaki na punda. Kaika, jirani wa ng'ambo ya korongo, alimletea mtamba mwekundu, akamwachia, akaenda zake. Tangu siku ile hawaitani tena kwa majina. Yeye humwita Kaika Pakiteng, na Kaika humwita yeye Pakiteng, ndivyo wanavyoitana waliopeana ng'ombe, mpaka kufa. Na ng'ombe wa zawadi hapigwi chuma mara ya pili. Hubaki na alama ya aliyemtoa.

"Semboja amesoma kama ulivyosoma wewe," alisema Naishorua. "Hakuja kwangu kwa sababu hajui. Amekwenda kwa mtu ambaye hakusema neno hata moja. Washa hicho chombo."

Hofu ya Hamisa, aliyodhani imefika mwisho, ilipata njia mpya. Njia nzima alikuwa akimwogopea mtu huyu aliyemshika kiuno sasa, na mtu huyu alikuwa salama, na kama wangekaa kimya angebaki salama. Alilijua hilo. Naishorua alilijua pia, maana alisema sikioni mwake, "Usipunguze mwendo."

Kwa Kaika walikuta mlango wa boma uko wazi mchana kweupe, na alama za matairi ya gari zimeingia mpaka mbele ya nyumba, zimegeuka, zimetoka. Hakuna mbwa aliyebweka. Kaika alikuwa ameketi juu ya gogo, mzee mrefu, shuka lake limeanguka bega moja na hajalirudisha. Alikuwa akifuta dole gumba la kulia kwa mchanga. Lilikuwa la bluu kwa wino.

"Pakiteng," alisema Naishorua.

"Pakiteng." Hakuinua macho. "Rudi kwako. Hukuja hapa leo."

"Wamekufanya nini?"

"Hawakunigusa." Aliendelea kusugua dole. "Walikuja wanne. Semboja akanionyesha ng'ombe kwenye simu. Akaniuliza, huyu ni wako? Nikatazama, nikamjua. Akaniuliza, basi ni wewe uliyewaambia watu wa Korogwe habari za mawe? Nikasema ni mimi."

Hamisa alishika mdomo. "Mzee, kwa nini?"

Sasa Kaika alimtazama, na haikuwa sura ya upole. "Wewe ndiye mwenye picha? Ungetaka nijibu nini? Niseme ng'ombe nilimtoa? Angeuliza nilimpa nani. Ukishampa mtu ng'ombe, husimami mbele ya mgeni ukaonyesha aliko." Akatema mate pembeni. "Walitaka mtu. Nimewapa mtu. Imekwisha."

"Na wino?" aliuliza Naishorua.

Kaika alisema, kwa sauti ambayo Hamisa ilibidi ainame kuisikia, kwamba Semboja alikuja na karatasi mbili zimeshaandikwa. Ya kwanza inasema kwamba shahidi wa mawe ya Kang'ata alidanganya, hakuona kitu, alitumwa. Ya pili inasema Kaika anahama kwa hiari yake, yeye na mifugo yake, kabla ya Jumatano. Vijana wawili walikuwa wamesimama upande wa nyumba anamolala mkewe mgonjwa, mmoja ana dumu la petroli, analitikisatikisa tu, hasemi. Kaika akaweka dole kwenye zote mbili.

"Semboja atarudi kabla ya saa kumi," alisema, "kuona kama nimeanza kufunga mizigo."

Ilikuwa saa nane. Hamisa alihesabu mara moja, kama mtu wa ofisi. Jumatano wakaguzi watakuja. Watakuta ushuhuda wa mtu mmoja asiye na jina, na karatasi yenye dole la mtu anayesema ushuhuda huo ni wake na ni uongo. Lambo litakwenda. Kaika atakuwa ameshakwenda. Na Naishorua atabaki salama na wajukuu wake na ng'ombe wake mwekundu, asiwe na pa kumnywesha.

Naishorua naye alikuwa amehesabu. Alirudisha shuka la Kaika begani, akalikunja vizuri kama anavyofanyiwa mtoto.

"Ile mashine yako ina chaji?" alimuuliza Hamisa.

"Ipo nusu. Kwa nini, yeyo?"

"Niandike."

"Hapana!" Kaika alisimama. "Nimetia dole langu kwa ajili yako, unataka kulitupa? Wewe una watoto ndani ya nyumba!"

"Na wewe una mgonjwa ndani ya nyumba. Wataka nikae nakunywa maziwa ya ng'ombe wako, wewe uko porini bila kwako? Nitamtazamaje huyo ng'ombe?" Alimgeukia Hamisa. "Mtandao uko wapi hapa?"

Mtandao ulikuwa juu ya kichuguu, nje ya boma, mahali ambapo watu wa pale hupanda na simu zao mkononi. Walipanda wote wawili, na Kaika alibaki chini amewapa mgongo. Hamisa alichomeka modemu. Taa yake iliwaka nyekundu, ikafikiri, ikawa kijani, ikarudi nyekundu. Asubuhi nzima alikuwa amepigana kulitoa jina hili duniani, na sasa alikuwa anatakiwa kuliingiza.

"Yeyo, nikuulize tena. Naweza kuandika kwamba siyo Kaika, nisiseme ni nani."

"Nani atakuamini? Asiye na jina amekana kwa dole. Andika mwenye jina."

"Wataijua nyumba yako."

"Wataijua. Andika."

Taa ikawa kijani, ikatulia. Hamisa aliandika kama alivyoambiwa: Mimi ni Naishorua, mjane, mkazi wa Kang'ata. Mawe ya lambo niliyaona yakihamishwa mimi mwenyewe, na aliyesimamia ni Semboja. Kaika hakuona na hakusema. Karatasi ya Semboja aliitia dole huku kijana amesimama na dumu la petroli mbele ya nyumba ya mke wake. Ng'ombe aliye kwenye picha ni wangu, nilipewa naye. Naishorua alisimama kwenye picha akiangalia kamera wazi, nyuma yake boma na alama za matairi. Hakutabasamu. Hamisa aliandika na jina lake mwenyewe chini, jina lote, la baba na la babu, ingawa ghala lingeliandika vyovyote.

Akabonyeza. Picha ilianza kupanda kwa mwendo wa jongoo. Asilimia kumi. Asilimia kumi na mbili. Kutoka upande wa barabara kulisikika injini, lakini ilikuwa trekta ya mbali, ikapita. Asilimia arobaini. Modemu ikawa nyekundu. Hamisa aliinua laptopu juu ya kichwa kwa mikono miwili, mtandio ukamwanguka, akabaki amesimama hivyo juu ya kichuguu akiomba kwa sauti. Ikawa kijani. Alipoishusha, ushuhuda ulikuwa umeshika kwenye tovuti, na dakika chache baadaye ghala nalo likaandika mstari wake, kwa ukavu ule ule wa asubuhi: Hamisa ameongeza, saa tisa na dakika kumi na mbili.

Aliutuma pia kwa Lukasi na kwa ofisi ya wakaguzi, ili wasiseme hawakuona, na ili hata kile kitufe chekundu kisiweze kuufuta. Alibaki anautazama ule mstari. Naishorua alichuchumaa kando yake, akautazama naye, ingawa hakujua kusoma.

"Imeingia?"

"Imeingia, yeyo."

"Yule wa Dar akitaka kuifuta?"

"Kwetu hana mkono. Na hata akiichezea ya kwake, ya kwetu itaonyesha ilivyokuwa."

"Na Semboja akija kwako, akakutisha, ukafuta wewe?"

"Itaandikwa kwamba nimefuta, na maneno yatabaki pale pale."

Kule barabarani, mbali bado, vumbi lilianza kunyanyuka, na safari hii halikuwa la trekta. Kaika chini yao aliliona, akaokota fimbo yake, akaenda kusimama mbele ya mlango wa mkewe.

"Na mimi je?" aliuliza Naishorua. "Nikikupigia usiku, nikalia, nikakuambia Hamisa mwanangu, nifutie?"

Hamisa alitaka kumdanganya. Alitaka kumwambia kwamba ipo njia.

"Hata hapo, yeyo. Haifutiki."

"Vizuri," alisema Naishorua, akashika bega la Hamisa ili ateremke. "Maana nitaogopa."

Wakashuka, wakaenda kusimama na Kaika.